Huntha ni wangapi? Inategemea nani anahesabu

"Huntha si yule mwenye vyote viwili, cha kike na cha kiume?" (Tabata)

Hizo stori za kijiweni bana. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile, kromosomu au homoni ambazo hazikai sawasawa upande wa kike wala wa kiume. Wengi ukiwaona hushtuki chochote. Unakuta binti ana miaka 17 hajawahi kuona siku zake, mama kashamzungusha kwa waganga wote wa Mbagala, kumbe kromosomu zake ni XY, kama za mwanaume, na mwili wake hausikii homoni za kiume, kwaiyo nje ni msichana kabisa ila kizazi hana. Au jamaa mwenye XXY, yaani X moja ya ziada, anakuja kujulia hospitali ndoa ina miaka 6 na mtoto hamna.

"Kuna wanaosema asilimia 1.7, wengine 0.018. Nani muongo?" (Kimara)

Hamna muongo hapo, kila mtu kahesabu kitu chake. Ile 1.7 ni ya mwaka 2000, watafiti kina Blackless na Fausto-Sterling walikusanya tafiti za watu wengine wakajumlisha. 2002 daktari Leonard Sax akapunguza hadi hiyo 0.018, akasema huntha ni yule ambaye kromosomu na maumbile yake vinapingana, au ukimwangalia tu huelewi.

Sasa utamu uko hapa: kwenye ile 1.7, kama 1.5 nzima ni hali moja tu, tezi za juu ya figo zinazoanza kuzidisha homoni za kiume ukubwani. Mtoto wa kike anazaliwa kawaida, baadae ndo chunusi, vindevu, hedhi kuvurugika. Ukiitoa hiyo namba inaporomoka, na Sax aliitoa pamoja na XXY. Kwa Dar, sensa ya 2022 ilitupa watu 5,383,728, kwaiyo moja inakupa elfu 91 na ushee, nyingine inakupa kama 970! Mi naona Sax kabana mno, ila anayetaja 1.7 bila kusema ndani kuna nini naye anatuzuga.

"Kenya si walihesabu watu kabisa?" (Sinza)

Ndio, sensa ya 2019, wakapata 1,524 kati ya watu milioni 47 na nusu. Ni wachache hata kwa hesabu ya Sax, ingetakiwa elfu 8 na kitu. Ila fikiria karani kasimama mlangoni, baba mwenye nyumba ndo anajibu, majirani wametega masikio, nani atasema? Na yule binti wa miaka 17 hata mwenyewe hajijui.

"Mjukuu wangu kazaliwa haeleweki wa kike au wa kiume, ana siku 9, anatapika." (Temeke)

Shikamoo bibi. Weka simu chini mpeleke hospitali kubwa sasa hivi, usingoje kesho. Kuna aina ya tatizo la hizo hizo tezi za juu ya figo, mtoto anapoteza chumvi kwenye mkojo wiki za mwanzo na anaweza kufariki, ila dawa ipo. Waambie ulivyoniambia mimi, wampime chumvi ya damu na homoni. Upasuaji wa kumrekebisha sehemu za siri hauna haraka kama mkojo unatoka vizuri. Jina nalo litasubiri, wanaouliza wa kike au wa kiume waambie yuko hospitali.