Jibu: Katiba ya Kenya ya 2010 imenipa nusu ya nyumba ndoa ikivunjika?
Dada, si nusu moja kwa moja. Ibara ya 45(3) inawapa mume na mke haki sawa, ila Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Januari 2023 kwamba kila mmoja hupata kadiri ya mchango wake. Wengi hukwama hapa, wakidhani mchango ni pesa tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pia kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima, kusimamia biashara, hata kuwa mwenzi tu (ndiyo, imeandikwa). Ili kuthibitisha mchango wako, weka risiti za saruji na mabati, na jumbe za M-Pesa ulizomlipa fundi. Hati ya nyumba mliyoipata ndani ya ndoa ikiwa na jina la mumeo peke yake, sheria huchukulia anakushikia amana hadi athibitishe vingine. Nyumba mnayoishi haiwekwi rehani bila idhini yako ya maandishi.