Niko fildi, natumwa fotokopi tu: majibu kwa wasomaji

Shikamoo dada. Nasoma uhasibu, mwaka wa pili, niko fildi halmashauri. Wiki ya tatu hii kazi yangu ni fotokopi na kupeleka mafaili. Niombe kubadilishiwa?

Marahaba mdogo wangu. Usihame kwanza. Hayo mafaili unayobeba ndiyo somo lenyewe. Omba ruhusa usome hati moja ya malipo tangu mwanzo: nani aliomba fedha, nani aliidhinisha, imetoka kifungu gani cha bajeti. Kisha muulize mhasibu kwa nini nyingine ilirudishwa. Pengine risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haikuambatishwa, au aliyepokea mzigo hakusaini. Yaandike kwenye logibuku, daftari lako la kazi za kila siku fildi, siku hiyohiyo. Wengi hulijaza lote usiku wa mwisho, msimamizi akiuliza swali moja wanakwama.

Halafu, usiseme "naomba kazi yoyote". Itaje: "Naomba nikusaidie usuluhisho wa benki wa mwezi huu," yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki. Aliyezidiwa na kazi hawezi kukataa msaada wa namna hiyo. Naumia sana kuona kijana anamaliza wiki nane ofisini na hakuna hata mmoja anayejua anaweza nini, wakati kesho atahitaji mtu wa kumwandikia barua ya mapendekezo. Ukijaribu yote hayo na hali ikabaki ileile, mpigie msimamizi wako wa chuo. Ni haki yako.

Fedha za fildi zimechelewa. Niende kampuni kubwa Dar au nibaki nyumbani Singida?

Baki Singida. Dar utalipia chumba na nauli kila siku, na ofisi yenye watu wachache huwa haina budi kukupa kazi.

Binti yangu amepata nafasi ya muhula mmoja Ujerumani kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Nahofia akirudi atakuwa nyuma ya wenzake. Mama, Morogoro.

Mama yangu, hofu yako ina msingi, lakini ina dawa. Kuna makubaliano ya masomo ambayo husainiwa na watu watatu: yeye mwenyewe, chuo chake na chuo kinachompokea. Humo huandikwa masomo atakayosoma kule na yatakavyohesabiwa huku. Muhula kamili kwa mfumo wa Ulaya huwa krediti 30, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Asiondoke kabla sahihi zote tatu hazijatimia, na akibadilisha somo akiwa kule, makubaliano yarekebishwe papo hapo. Ada ya masomo chuo cha kule hadaiwi. Kabla ya kurudi ahakikishe transkripti yake, yaani hati ya matokeo, inatumwa. Hayo yakishakamilika, mruhusu aende kwa moyo mweupe. Nafasi hizi ni chache mno.

Nataka kuomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nikasome uzamili Uingereza. Miezi ya fildi inahesabika kama uzoefu wa kazi?

Hapana. Wanataka saa 2,800 za kazi, takriban miaka miwili, na fildi iliyo sehemu ya lazima ya shahada haimo. Kujitolea, kazi za muda na utarajali wa hiari vinaweza kuhesabika, ila soma masharti ya mwaka unaoomba; kwa hiyo anza sasa kutunza rekodi: tarehe, saa kwa wiki, na jina la bosi anayeweza kuthibitisha. Ujue pia kwamba ukimaliza masomo unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Na wakala akikudai hela ya kukuombea, mkatalie. Fomu unajaza mwenyewe mtandaoni, bure.