Kabla ya Kuchagua Ladha, Kagua Msingi wa Kimiminika cha Vepu

Mteja anayeingia katika duka la vepu, yaani sigara za kielektroniki, hapa Nakuru huulizia ladha kwanza: embe, mnanaa, zabibu, au ile inayofanana na tumbaku aliyoizoea. Muuzaji naye hujibu alichoulizwa, pesa zinatumwa kwa simu, na biashara inaishia hapo. Ladha hata hivyo ni sehemu ndogo ya kilichomo chupani, kwa kawaida haizidi asilimia 20. Sehemu kubwa iliyobaki ni msingi, yaani vimiminika viwili visivyo na rangi, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama koo litawasha, kama kifaa kitavuja, na kama koili, yaani waya unaokipasha kimiminika joto hadi kiwe mvuke, itadumu au itaungua upesi. Ninaandika kama mtu aliyehamia vepu kutoka sigara, na ninamwandikia mtu mzima ambaye tayari anavuta sigara na anatafuta njia ya kuiacha. Asiyevuta hana sababu yoyote ya kuanza, na mtu wa chini ya miaka 18 pamoja na mama mjamzito hawapaswi kuigusa kabisa.

Kimiminika cha kwanza ni propilini glikoli, ambayo chupani huandikwa PG. Ni chepesi, hakina ladha ya kutajika, na huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi. Viwanda vya dawa na vyakula vimekitumia kwa miaka mingi kuyeyushia vitu visivyokubali maji kwa urahisi, na kwa sababu hiyohiyo watengenezaji wengi wa ladha huziyeyusha ndani yake. Katika vepu, PG ndiyo inayobeba ladha vizuri na ndiyo inayoleta ule mkwaruzo wa koo ambao mvutaji wa sigara huukosa anapohama. Ubaya wake ni kwamba hufyonza unyevu, hivyo mdomo hukauka, na wapo watu ambao koo zao haziivumilii hata kidogo.

Cha pili ni gliserini ya mimea, yaani VG, ambayo hutolewa kwenye mafuta ya mawese, ya soya au ya nazi, ingawa yenyewe si mafuta. Mnato wake unazidi ule wa PG kwa zaidi ya mara 20, ina utamu kidogo, huchemka kwenye nyuzi 290, na ndiyo inayotoa wingu kubwa la mvuke. Kwa koo ni laini zaidi, lakini hufifisha ladha, na mnato wake huifanya ipenye polepole kwenye pamba inayoizunguka koili.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho mimi hukifanya kaunta kabla ya kulipa. Ninaipindua chupa iliyofungwa na kutazama kiputo cha hewa kikipanda. Kwenye mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kiputo hupanda mara moja. Kwenye chupa yenye VG asilimia 70 au zaidi, hujivuta taratibu, na ukiona kinakimbia ilhali lebo inadai VG nyingi, una haki ya kuuliza maswali. Lebo nayo isomwe kwa makini, kwa sababu maandishi kama 70/30 hayasemi lolote mpaka ujue ni herufi zipi zilizotangulia, kwani wengine huanza na VG na wengine huanza na PG. Chupa inayotangaza kwamba ni VG tupu huku ina ladha na nikotini pia isikuvutie upesi, kwa maana ladha hizo huenda zimeingia zikiwa zimeyeyushwa kwenye PG.

Uchaguzi wa mchanganyiko huanza na kifaa ulicho nacho. Podi ndogo, yaani vepu za mfukoni zenye kikasha cha kimiminika, na vifaa vinavyovutwa kama sigara, ambavyo koili zake huwa na ukinzani wa umeme wa omu 1 au zaidi, vina matundu madogo ya kupitishia kimiminika na betri isiyo na nguvu nyingi, kwa hiyo vinahitaji mchanganyiko mwepesi: nusu kwa nusu, au PG 60 kwa VG 40. Ukivijaza kimiminika kizito, pamba itakauka kabla haijafyonza tena, na utavuta moshi wa pamba iliyoungua. Hilo si suala la ladha mbaya tu. Koili inapopata joto bila kimiminika cha kutosha, PG na gliserini huvunjika na kutoa kemikali kama fomaldehidi na akrolini, ambazo hakuna anayetaka ziingie mapafuni mwake. Vifaa vikubwa vyenye koili za chini ya omu 1 ni kinyume chake: vina matundu mapana, vinatumia kimiminika kingi, na VG 70 kwa PG 30 ndiyo inayovifaa.

Jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayaligusi ni hali ya hewa yetu. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai baridi yake huifanya gliserini iwe nzito zaidi ya ilivyokuwa mchana uliotangulia. Kazi hunipeleka Kisumu mara kwa mara, ambako joto la ziwani hukilegeza kimiminika kilekile mpaka kianze kutokea kwenye matundu ya hewa. Kwa hiyo mtu wa Kisumu mwenye podi inayovuja anaweza kununua mchanganyiko wenye VG zaidi kidogo, na mtu wa Nakuru, Molo au Eldoret anayepata ladha ya kuungua kila asubuhi anaweza kununua wenye VG pungufu. Safari yenyewe ina mtego wake. Matatu inapopanda kutoka Ahero kupitia Kericho hadi Mau Summit, kanieneo ya hewa ya nje hupungua, na hewa iliyobaki ndani ya tangi hutanuka na kukisukuma kimiminika nje, mfukoni mwako. Tangi lililojaa kabisa lina hewa kidogo ya kutanuka. Lililo tupu halina cha kumwaga. Linaloaibisha watu ni lile lililo nusu.

Nikotini huhesabiwa kwa miligramu katika kila mililita, na asilimia 2 ni sawa na miligramu 20. Uingereza na Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo hapo hapo, kwenye 20, ilhali vifaa vya kutupa vyenye asilimia 5 huuzwa katika masoko mengine. Chumvi za nikotini, ambazo hutengenezwa kwa kuongeza asidi kama ya benzoiki, hupita kooni bila kukwaruza, na hapo ndipo mtu hupitiliza kipimo bila kujua. Chupa ya mililita 10 yenye nguvu ya 20 ina miligramu 200 za nikotini, kiasi cha hatari kubwa kwa mtoto mdogo, kwa hiyo mahali pake ni kabatini palipofungwa.

Kuhusu kujichanganyia nyumbani, msimamo wangu ni mkali. Gliserini ya kupaka ngozi inayouzwa madukani kwa bei nafuu haikutengenezwa ili ivutwe, na nyingine zina manukato. Glikoli zisizo safi zimewahi kuua: mwaka 2022 watoto wengi nchini Gambia walifariki baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizochafuliwa na daietilini glikoli na etilini glikoli. Ladha za keki zenye mafuta ni marufuku kabisa, kwa sababu mafuta hayana njia salama ya kuingia mapafuni. Nchini Marekani, ugonjwa wa mapafu ulioibuka mwaka 2019 uliwafikisha watu zaidi ya 2,800 hospitalini au kaburini kufikia Februari 2020, na ulihusishwa zaidi na asetati ya vitamini E, aina ya mafuta iliyotiwa hasa kwenye vimiminika vya bangi. Ladha za siagi na kastadi nazo zichunguzwe kama zina diasetili, kemikali inayotoa ladha ya siagi, ambayo Uingereza imeipiga marufuku kwenye vepu. Na kitu kuwa salama kuliwa hakukifanyi kuwa salama kuvutwa. Hata PG na VG safi kabisa hazijathibitishwa kuwa hazina madhara zikivutwa kwa miaka mingi.

Anayeanza na podi ndogo ninamshauri achukue nusu kwa nusu, chupa ndogo, ladha isiyo na utamu mwingi, kwa kuwa vitia utamu huganda kwenye koili na kuifanya nyeusi. Koo likiwasha kwa siku kadhaa, anunue chupa yenye VG zaidi. Pamba ikikauka, anunue yenye PG zaidi. Kila anapobadilisha mchanganyiko aweke koili mpya, kwa sababu pamba ya zamani huhifadhi kimiminika cha awali na atakuwa anapima vitu viwili kwa pamoja.