Lafudhi Peke Yake Haitoshi Kuwa Kichekesho

Ndugu yangu, umeuliza iwapo katuni yako ya vichekesho ya dakika 3, inayotokea Lamu, itawaudhi Wabajuni, Waorma na wageni wa bara uliowatia ndani. Kwa maelezo yako, kasoro si kuwatia, bali ni kwamba Mwamu, yaani mwenyeji wa Lamu, peke yake ana jina na haja yake, ilhali wenzake wamepewa lafudhi tu, na lafudhi ikibebeshwa kichekesho chote, mwenye nayo hujiona ndiye anayechekwa. Mathalani, bibi wa Kiamu amwite mgeni kutoka barazani, "Ndoo!", yaani njoo, naye mgeni akimbilie kuleta ndoo ya maji, kisha wabaki wakitazamana, kila mmoja akimshangaa mwenziwe. (Punda akiyanywa maji hayo, mimi nitacheka zaidi.) Sauti zirekodiwe na wenye lahaja wenyewe kabla hujachora, kwa sababu ukichora picha 12 kwa sekunde utakuwa na picha 2,160, na kurekebisha midomo baada ya hapo ni adhabu. Muorma naye mpe jina.