Jibu: Gokati ya mtumba, uanze na injini au fremu?

Mkuu, umeuliza ukienda kununua gokati ya mtumba, kile kigari kidogo cha mbio, uanze kukagua injini au fremu. Anza na fremu. Injini hufunguliwa ikatengenezwa, lakini fremu iliyopinda itakusumbua kila kona. Gokati haina springi wala shoku, fremu yenyewe ndiyo inayonepa, kwa hiyo nyufa hutokea, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Ilaze ubavu, mulika tochi chini. Mabomba yaliyosagwa na lami hadi yakawa bapa yamekwisha hayo. Na ukiona rangi mpya kwenye kiungo kimoja tu? Mimi hapo huanza maswali.

Kisha inua nyuma, zungusha ekseli kwa mkono huku ukitazama ncha yake. Ikiyumba, imepinda. Meno ya sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa, piga hesabu ya sproketi na cheni mpya. Breki ikanyage uishikilie. Pedali ikizama polepole, kuna mahali mafuta ya breki yanapita.

Muuzaji mwambie asiiwashe injini kabla hujafika, uisikie ikiamka baridi. Kama ni ya mipigo miwili (two-stroke), uliza imefanya kazi masaa mangapi tangu pistoni ibadilishwe. Akijibu kwa fahari "haijawahi kuguswa", shusha bei, maana kazi ya kubadilisha pistoni itakuangukia wewe.