Maswali ya Wasomaji: Nanosekunde Zinazotoka Hasi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mtwara. Pamoja na wenzangu wawili tunatengeneza mashine ndogo ya kuhesabu korosho zinazopita mbele ya jicho la mwanga, inayoendeshwa na kompyuta ndogo ya Linux kwa programu tuliyoiandika katika lugha ya C. Muda kati ya korosho moja na inayofuata tunaupima kwa clock_gettime, amri ya kusoma saa ya kompyuta, tukitumia saa iitwayo CLOCK_REALTIME. Mara nyingi majibu ni sawa, lakini wakati mwingine nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) hutoka hasi, na siku moja, umeme uliporudi na intaneti iliposhika, tulipata muda wa miezi kadhaa kati ya korosho mbili. Je, saa ya kompyuta yetu ni mbovu?
Mwanafunzi, Mtwara

JIBU: Ndugu mwanafunzi, saa yenu ni nzima. Mna makosa mawili yasiyohusiana, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni la hesabu ya kutoa. Muundo wa timespec, ambamo clock_gettime huandika jibu lake, huuweka wakati katika sehemu mbili: tv_sec ni sekunde kamili, na tv_nsec ni nanosekunde zilizobaki, kuanzia 0 hadi 999,999,999. Tuseme korosho ya kwanza ilipita kwenye sekunde 10 na nanosekunde 950,000,000, na ya pili kwenye sekunde 11 na nanosekunde 20,000,000. Mkitoa kila sehemu peke yake mnapata sekunde 1 na nanosekunde hasi 930,000,000. Hapo lazima mkope, kama tulivyofundishwa shule ya msingi: punguzeni sekunde moja, ongezeni nanosekunde 1,000,000,000, nanyi mtapata sekunde 0 na nanosekunde 70,000,000, yaani sehemu saba za mia za sekunde.

La pili ni la kuchagua saa. CLOCK_REALTIME ni saa ya kalenda, nayo huweza kusogezwa mbele au nyuma wakati programu inaendelea. Kompyuta nyingi ndogo za aina hiyo hazina betri ya kutunza saa, kwa hiyo zikiwashwa huanza na tarehe ya zamani, kisha huruka hadi tarehe ya leo pindi zinapopata intaneti. Kupima muda tumieni CLOCK_MONOTONIC, ambayo hairudi nyuma wala hairushwi na marekebisho ya kalenda. Mwanzo wake wa kuhesabu hauna uhusiano na tarehe yoyote, jambo ambalo sisi tunaosema saa moja asubuhi pale wengine wanapoandika 7:00 hatupaswi kulionea ugeni: urefu wa safari ya kutoka Mtwara hadi Lindi ni ule ule kwa hesabu yoyote, mradi kuondoka na kufika kumesomwa kwenye saa ile ile. Kwa sababu hiyo hiyo, msitoe kamwe wakati uliosomwa kwenye saa hii kutoka kwenye wakati uliosomwa kwenye saa nyingine. CLOCK_REALTIME ibaki kwa kuandika tarehe kwenye kumbukumbu tu.

Msishawishike kutumia clock(), amri nyingine ya C, maana hiyo hupima muda ambao prosesa imeifanyia kazi programu yenu; programu ikiwa imelala ikisubiri korosho, clock() karibu haisogei.

Ninawasihi pia msigeuze wakati wa kalenda kuwa double (aina ya namba yenye desimali) kabla ya kutoa. Sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 zimekwisha kupita 1,700,000,000, na kwa namba kubwa hivyo double, yenye biti 53 za usahihi, hupiga hatua za nanosekunde 238 hivi. Zilizo ndogo zaidi hupotea kimya kimya. Ni bora kuweka nanosekunde zote katika int64_t (namba kamili ya biti 64), ambayo hutosha miaka 292. Lakini geuzeni tv_sec kuwa int64_t kwanza, ndipo mzidishe kwa 1,000,000,000, kwa kuwa katika baadhi ya kompyuta za biti 32 jibu la kuzidisha huko hufurika, yaani huzidi namba kubwa kabisa inayoweza kutunzwa, kuanzia sekunde ya tatu.

Mwisho, angalieni mnavyochapisha. Sekunde 5 na nanosekunde 70,000,000 zikichapishwa kwa %ld (alama ya C ya kuchapisha namba kamili) upande wa kulia wa nukta hutoka 5.70000000, na msomaji ataona 5.7 badala ya 5.07. Andikeni %09ld, inayojaza sifuri hadi tarakimu tisa, ili sifuri za mbele zibaki.