Oili nyeupe kwenye gurudumu la mbele la trekta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina trekta la mtumba linalovuta magurudumu yote manne, tunavurugia majaruba ya mpunga huku Misungwi. Juzi nimefungua nati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele kushoto, oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Kijana wa gereji ananiambia nimwage ya kwenye difu tu, halafu kwenye magurudumu niongezee oili chafu ya injini, eti mbele hakuna kazi kubwa. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usifanye, na nashukuru umeuliza kabla hujamimina.

Weupe huo ni maji. Kwa kuwa habu yako ina nati yake, jua kwamba eksele hiyo ya mbele ina vyumba vitatu: difu katikati, inayogawa nguvu kwa magurudumu, na habu mbili kwenye magurudumu, kila kimoja na oili yake. Ukimwaga ya difu pekee, yale maji ya kushoto yanabaki palepale yakila beringi.

Sasa hiyo oili chafu. Kila msimu wa mpunga naletewa hapa gereji kwangu Nyakato, Mwanza, matrekta yaliyotiwa oili chafu mbele, na maneno ni yale yale: mbele hakuna kazi. Jamani! Kwenye tope gurudumu la nyuma likianza kuteleza, nani analitoa trekta jarubani? Ndani ya habu kuna gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, na hapo ndipo nguvu inapoongezwa mara ya mwisho kabla ya kufika kwenye tairi. Meno yanabanana na kusuguana kwa mgandamizo mkubwa. Oili ya gia ina viungo vya salfa na fosforasi vinavyoweka utando kwenye jino pale oili yenyewe inapokamuliwa. Oili ya injini haikutengenezwa kwa kazi hiyo hata ikiwa mpya. Iliyotumika imebeba masizi, tindikali na vumbi la chuma. Habu ya mwisho niliyofungua ya namna hiyo, beringi zilikuwa na vishimo vya kutu kama uso wa ndui, na jino moja limekatika, liko chini kwenye tope jeusi. Mwenyewe alikuwa ameokoa bei ya lita chache.

Kubadilisha si kazi ngumu. Tembeza trekta oili ipate joto, egesha pasawa, weka kabari nyuma, piga jeki. Legeza kwanza nati ya kujazia, maana ukishamwaga ukaikuta imeganda, trekta limekulalia hapo. Kwa habu nyingi nati ni moja: izungushe iwe chini umwage, kisha ilale usawa wa katikati ujaze hadi oili ichungulie. Subiri dakika kumi, itashuka, ongeza. Kwa kuwa yako ina maji, jaza oili mpya, tembeza kidogo, imwage, ndipo ujaze ya kukaa. Usisafishe kwa dizeli wala petroli. Aina ya oili fuata kitabu cha trekta lako: mengine yanataka oili ya gia ya uzito wa 80W-90 au 85W-90, ya daraja la GL-5 (la kustahimili mgandamizo mkubwa), mengine oili moja ya gia na haidroliki.

Lakini maji yaliingia wapi? Angalia kipumulio cha eksele, kile kitundu cha kupitisha hewa. Kikizibwa na tope, eksele yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Kisafishe. Fungua tena nati baada ya siku mbili za kuvuruga. Ikiwa nyeupe, sili imekwisha, na hakuna oili itakayokuponya.

Hapo ndipo wajanja wanapokukamata. Atakuja mtu na grisi ya kujaza kwenye habu "isivuje", mwingine na dumu lisilo na jina wala daraja, anasema ni nzito, inaziba. Sili haizibwi kwa uzito. Grisi haitembei kwenye gia, inasukumwa pembeni na meno yanabaki makavu. Mliopo Magu, Kwimba na Sengerema, mnaotuma dereva peke yake na trekta gereji: simameni hapo wakati oili inamiminwa, msome chombo kilichotoka.